Vitabu Vitano vya Baba Eliezeri, Tulivyogawana Siku ya Matanga

Mwaka mmoja umetimia leo, Baba, tangu tukushushe kwenye kihamba chako, shamba letu la ukoo hapa Machame, upande wa juu wa kaburi la Mama. Mvua ilikuwa inanyesha, na mchungaji aliharakisha sala kwa sababu karatasi zake zilikuwa zinalowa. Ungekuwepo ungemsogezea mwavuli, maana wewe hukuweza kuvumilia karatasi ikilowa.

Kaka Primus aliniagiza niandike tangazo fupi la gazetini, mistari kumi, pamoja na picha yako ile ya kitambulisho. Alitaka niseme kwamba ulikuwa mcheshi, mchapakazi na mpenda watu. Niliandika hiyo mistari kumi, nikaisoma, nikaichana. Haya ninayoandika sasa ndiyo yatakayogawiwa baada ya ibada ya shukrani, watu wakiwa wanakunywa chai. Asiyeyapenda aweke kikombe chini aende zake.

Kwa hiyo nianze na yale ambayo ni ya kweli na hayana ugomvi. Miaka thelathini na moja ulisimama pale kituo cha maziwa na kipimo chako, ukikizamisha kwenye ndoo za akina mama wa kijiji kizima. Aliyetia maji hukumwaibisha. Ulimwambia polepole kwamba ng'ombe wake leo amekunywa sana, na kesho yake maziwa yalikuja mazito. Shati lako ulilipiga pasi mwenyewe, hata Mama alipokuwa hai. Wali wa jana hukuugusa, lakini mtori wa jana uliugombea na wajukuu. Mimi Elisifa, binti yako wa pekee, nilirudi nyumbani ndoa yangu ilipovunjika, na hukuniuliza hata siku moja kulitokea nini. Ulinionyesha tu chumba, ukaniambia ng'ombe anakamuliwa saa kumi na moja alfajiri. Kwa hilo nitakushukuru mpaka kufa.

Na jioni uliandika. Ulikaa kwenye meza ya barazani na taipureta yako, penseli nyuma ya sikio, ukagonga mpaka kuku wakaingia bandani. Wenzako waliostaafu walicheza bao, wewe ulikuwa na Watu wa Kilimia, hadithi yako ndefu ya vitabu vitano.

Wengi mliokaa hapa mmesikia kwamba Eliezeri alikuwa anaandika mambo ya nyota, ila hamkuyasoma, basi niwaeleze. Kulikuwa na sayari yenye mlima mmoja na mifereji mia. Jemadari Lasiki, kwa amri ya mfalme wa mbali, akafunga maji ya ndugu yake mwenyewe, Nahodha Oforo. Oforo na watu wake wakapanda vyombo vya anga, wakapigana vita vya miaka arobaini kutoka nyota moja hadi nyingine, wakitafuta njia ya kurudi kwao. Kulikuwa na bunduki za mwanga, na wafalme wenye vichwa vitatu vinavyobishana vyenyewe kwa vyenyewe, na vyombo vyenye urefu wa kutoka hapa mpaka Moshi mjini. Na kila chombo kilikuwa na zizi, kwa sababu hukuamini kwamba binadamu anaweza kukaa angani miaka arobaini bila maziwa.

Watu walikucheka, nawe ulijua. Mwalimu mmoja alikuambia mambo ya anga tuwaachie wenye roketi. Ulimjibu kwamba nyota zinaonekana vizuri zaidi kutoka kwako kuliko kutoka kwao, kwa kuwa huku kwetu umeme unakatika. Alicheka mpaka akakohoa, na wewe ukarudi kwenye sura yako ya tisa.

Kila Jumapili baada ya kanisa ulinisomea sura ya wiki, mimi nikikata migomba ya ng'ombe kwa panga. Ulibadilisha sauti kwa kila mtu, hata kwa vile vichwa vitatu. Nilivisikia vitabu vyote vitano tangu neno la kwanza mpaka la mwisho, na hakuna mwingine katika nyumba hii anayeweza kusema hivyo. Primus alikuwa mlimani akiongoza watalii. Mdogo wetu Ndelilio alikuwa dukani kwake Bomang'ombe.

Ulipomaliza kitabu ulishuka mjini kwa Abdulkarim, fundi wa kujalidi, kwenye kile kibanda chake nyuma ya soko. Alikifunga kwa kitambaa cha bluu na namba ya dhahabu mgongoni, moja hadi tano. Na kila kitabu kilikuwa nakala moja tu. Nilikusihi utumie karatasi ya kaboni. Ulikataa, eti inachafua vidole, na wewe ni mtu wa maziwa. Huo ulikuwa ukaidi wako, Baba, na umetugharimu.

Sasa nifike kwenye ubaya wetu.

Siku ya kumaliza matanga, aliyekaa kwenye kiti cha kugawa vitu vyako alikuwa Baba mdogo Basili, mdogo wako wa kufuatana. Mlikuwa hamjasemeshana kwa miaka ishirini na saba, na kati ya nyumba yako na yake kuna ua wa mimea ya masale tu, ambao kuku wanapita watakavyo. Lakini desturi ni desturi. Katika tumbo lenu mlibaki watatu, wewe, yeye na Shangazi Aikaeli, na mwanamume aliyebaki ndiye anayegawa. Alikuja na koti lake jeusi, akagawa bila kumtazama mtu usoni.

Sababu ya kununiana kwenu tuliijua tangu utoto. Mwaka 1997, ukame ulipobana, Baba mdogo ndiye aliyekuwa msimamizi wa mfereji. Alifunga zamu yetu ya maji wiki tatu mfululizo, maji yakaenda kwenye nyanya zake. Miche yako mia nne ya kahawa ilikauka, lakini miche si kitu. Mama alikuwa mjamzito, akaanza kuteka maji kule bondeni, anapandisha ndoo kichwani mara nne kwa siku. Ile mimba haikufika. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na mimi ndiye niliyetumwa kumwita mkunga.

Ulituambia kwamba Basili hajawahi kuja kuomba radhi. Ulituambia kila Krismasi, kila tulipouliza kwa nini watoto wa ng'ambo ya ua hawali na sisi. Tukamchukia kwa niaba yako, na watoto wake tukawanyima salamu. Mimi nimewahi kumpa mgongo Baba mdogo mlangoni pa kanisa, mbele ya usharika mzima, na ulipoambiwa ulinyamaza tu.

Basi siku ile ya kugawa, makoti yako yakapata watu, redio ikapata mtu, toroli likapata mtu. Ilipofika mashine ya kukatia majani, Primus na Ndelilio wakaishika kila mmoja upande wake, wakaanza kuvutana mbele ya majirani. Nilishikwa na aibu. Nikaingia ndani, nikatoa vitabu vyako vitano, nikavipanga mezani, nikasema kwa sauti kwamba tuko watu watano wa damu na vitabu ni vitano, kila mmoja achukue chake, kelele ziishe.

Ni mimi niliyesema hivyo, niliyejua kwamba ni hadithi moja. Na jamani, watu walinisifu. Walisema Elisifa ana busara kama mama yake. Primus akachukua cha kwanza, Ndelilio cha pili, mimi nikapewa cha tatu, Shangazi Aikaeli cha nne. Mgawaji huchukua cha mwisho, kwa hiyo cha tano kikaenda kwa Baba mdogo. Alikitia kwapani akavuka ua wake. Tuliigawa hadithi yako kama tulivyogawa makoti.

Mwezi wa nne barua ikaja. Mchapishaji wa Dar uliyempelekea sura zako za mwanzo, ulizozigonga upya kwa ajili yake, tukadhani amezitupa, alikuwa amezisoma. Alikuandikia wewe, kwa jina lako, bila kujua. Alisema atavitoa vitabu vyote vitano kwa pamoja, katika kasha moja, au asitoe hata kimoja, kwa sababu msomaji hawezi kuachwa angani katikati ya vita. Alitaka nakala kamili kabla ya mwisho wa mwezi huu wa nane. Nilikaa kwenye ngazi za baraza na ile barua nikalia, kisha nikapata hasira, kisha nikaoga na kuanza kuzunguka.

Primus alikuwa amekifungia chake kwenye kabati la vioo, pamoja na vyeti vyake vya mlima. Alikataa. Alisema kwenye ukoo wetu kilichogawanywa siku ya matanga hakiombwi tena, kukiomba ni kumwambia marehemu kwamba vitu vyake havikugawanywa vizuri. Tulibishana mpaka mke wake akatoka nje. Mwishoni aliniuliza kama jina lake litaandikwa mahali popote ndani, nikamwambia litaandikwa, akatoa ufunguo.

Ndelilio alikuwa anamhudumia mteja wa misumari. Aliinama chini ya kaunta, akanipa mfuko wa plastiki uliofungwa fundo. Fundo lilikuwa lile lile nililofunga mimi mwaka jana. Hakukifungua, Baba. Alisema amekuwa na mambo mengi.

Shangazi Aikaeli kule Chekereni hajui kusoma, nawe ulijua. Lakini yeye ndiye aliyekitunza kuliko sisi sote, kimefungwa kwenye kanga, juu ya kabati, mbali na panya wa mpunga. Alikubali kukitoa kwa sharti moja tu, kwamba nimsomee kwanza. Nikakaa siku mbili kwenye lile joto nikimsomea na sauti zote ninazozikumbuka. Alilia mahali vyombo vya Oforo vinapopita juu ya mlima wao wenyewe na haviwezi kutua. Nilipoaga alinishika mkono, akasema: "Ukifika kwa Basili, muulize vizuri. Mimi nililishwa kiapo na baba yako." Sikumwelewa, na hakutaka kuongeza.

Kwa Baba mdogo nilivuka ua nikiwa nimepiga moyo konde. Nilimwamkia shikamoo, ya kwanza tangu nikiwa darasa la sita. Nilitegemea matusi. Aliingia ndani, akatoka na kitabu kimefungwa gazeti, akanikabidhi kwa mikono miwili na kurudi kwenye kahawa yake. Nilirudi nyumbani nikijiambia kwamba labda uzee umemlainisha.

Siku iliyofuata niliteremka mjini na vyote vitano ili Abdulkarim avikague kabla ya safari. Alivipitisha mkononi kimoja kimoja. Cha tano alikishika, akakishika tena, akakifungua nyuma na kupitisha kidole kwenye mshono.

"Binti, hiki kimekatwa kwa wembe," alisema. "Kurasa arobaini na moja hazimo."

Nilijua ni zipi kabla hajanionyesha. Ni mwisho wenyewe. Jemadari Lasiki, mzee sasa, anakuja peke yake mpaka mlangoni pa nduguye akiwa na jani la sale mkononi. Kwa sisi Wachagga aliyeletewa sale hana ruhusa ya kukataa. Ameshaombwa radhi, anatakiwa atoke. Lasiki anapiga magoti. Oforo anatoka mbio, anamwinua, anamkumbatia, na maji yanafunguliwa. Uliponisomea sura hiyo sauti yako ilikatika mara tatu, na mimi niliacha panga chini.

Nilipanda gari la kurudi saa hiyo hiyo. Baba mdogo alikuwa anapalilia. Safari hii sikuamkia. Nilimuuliza kurasa ziko wapi, akasema amezichoma jikoni kwake. Nilimwambia amechoma jambo jema pekee ambalo mtu amewahi kuliandika juu yake, kwamba baba yangu alimpa heshima asiyostahili, na mengine ambayo siwezi kuyaandika watu wakiwa wanakunywa chai. Aliniacha nikamaliza. Akaliegemeza jembe kwenye mbuni, akanawa mikono, akaniletea kigoda.

"Uliwahi kuniuliza mimi, Elisifa?" alisema. "Nilikuja. Wiki ya msiba wa mama yenu, siku ya tatu, asubuhi. Nilishika sale, nikasimama mlangoni penu mpaka miguu ikafa ganzi. Alikuwa ndani, nilimsikia akikohoa. Hakutoka. Nikaliweka kizingitini nikarudi kwangu."

Nilikaa kwenye kigoda. Akaendelea.

"Halafu anaandika kwamba alinikimbilia akanikumbatia. Amejipa sifa ya kusamehe, na mimi amenipigisha magoti mbele ya watu nisiowajua. Angenitukana kwenye kitabu chake, ningekiacha kilivyo."

Nilifungua mdomo nimwambie ni mwongo. Kisha nikakumbuka, Baba. Siku ya tatu ya msiba wa Mama nilifagia mlangoni kabla ya waombolezaji kufika. Kulikuwa na jani la sale limelala kwenye kizingiti. Nilidhani limeangushwa na mbuzi. Nililifagia pamoja na takataka nikalitupa kwenye migomba. Wewe ulikuwa umekaa pale ndani, mlango wazi, kikombe cha chai mbele yako, unanitazama. Ulinitazama mpaka nikamaliza kufagia, na hukusema neno.

Nimekukasirikia, Baba. Leo ndiyo siku ya kukusifu na nimekukasirikia. Ulivusha watu kutoka nyota hadi nyota, ukashindwa kutoka mlangoni kwako. Najua kwa nini. Mama alikuwa na siku mbili tu kaburini, na yule mtoto ulimkumbuka. Labda hata mimi nisingetoka. Lakini ungetuambia. Ungesema tu kwamba alikuja na ulishindwa, tungekupenda vile vile, na tungewasalimia watoto wa watu. Badala yake ulimlisha dada yako kiapo asituambie, ukaja kunisomea mimi ule mwisho mtamu, nami nikalia nikidhani nalia kwa ajili ya Oforo.

Zile kurasa nazikumbuka neno kwa neno. Ningeweza kuzigonga upya kama ulivyonisomea, na mchapishaji asingejua, wala Baba mdogo asingekuwa na la kufanya. Kwa siku nne nilikaa mbele ya taipureta yako nikitaka kufanya hivyo. Nilikuwa na deni kwako la chumba na la kutoniuliza.

Nimeziandika. Kurasa arobaini na moja, na kaboni chini yake. Jemadari Lasiki anakuja na sale lake, anasimama mlangoni mpaka miguu inakufa ganzi. Nahodha Oforo, aliyeshinda vita vyote, yuko ndani. Anamsikia. Anakohoa. Hatoki. Maji yanafunguliwa baadaye na watoto wao, ambao hawakuomba ruhusa ya mtu.

Nilivuka ua nikamsomea Baba mdogo kabla ya kuzipeleka. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Aliomba nirekebishe mahali pamoja tu, kwamba Lasiki akiri pale mlangoni kuwa alifunga maji kwa tamaa yake, si kwa amri ya mfalme kama ulivyomwandikia wewe. Nimerekebisha.

Juzi Abdulkarim alizishona mahali pake, na jana kasha lilipanda basi la Dar. Jina juu ya majalada yote matano ni lako. Umeandika kila kitu kilichomo isipokuwa mwisho, na wasomaji hawatajua. Waliokaa hapa leo ndio wanaojua.

Unakumbukwa na wanao, Primus, Elisifa na Ndelilio; na dada yako Aikaeli wa Chekereni, ambaye kiapo chake nimekivunja mimi ili asikivunje yeye; na wakwe, na wajukuu wako tisa; na fundi wako Abdulkarim wa Moshi mjini. Unakumbukwa pia na mdogo wako Basili na watoto wake, ambao majina yao hayajawahi kuandikwa kwenye tangazo lolote la nyumba hii. Leo atakaa mstari wa mbele. Kaka Primus amesema akimwona pale atatoka nje, nami nimemjibu mlango uko wazi.

Tutakukumbuka siku zote, Baba, pamoja na asubuhi ile uliyobaki ndani.